Ulaya Imetusoma, Nasi Tuisome

Mwaka 1887, katika mji wa Berlin, serikali ya Ujerumani ilifungua chuo cha kufundishia lugha za Mashariki. Miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo ni Kiswahili. Waliokaa katika madawati yake hawakuwa watu wa kutafuta burudani. Wengi wao walikuwa wakitayarishwa kuja kutawala na kufanya biashara katika pwani yetu na bara yake. Uingereza nayo ilianzisha chuo cha namna hiyo mjini London mwaka 1916. Kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, basi, fedha za umma wa Ulaya zimetumika kuwalisha na kuwasafirisha vijana waje wajifunze lugha zetu, mila zetu, udongo wetu na namna tunavyogombana.

Hatulileti jambo hili kwa manung'uniko. Mwenye akili humsoma jirani yake, hasa akiwa na haja naye. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni jingine: ni nani miongoni mwetu anayeisoma Ulaya?

Yafaa ieleweke kwamba hatusemi kusoma katika nchi za Ulaya. Hilo vijana wetu wamelifanya tangu kabla ya uhuru, na wanaendelea kulifanya. Tunasema kuisoma Ulaya yenyewe: sheria zake, mabunge yake, vyama vyake, historia yake, lugha zake, na jinsi mataifa yaliyochinjana mara mbili katika karne moja yalivyokubaliana kuishi chini ya mikataba. Mara nyingi kijana wetu apatapo nafasi katika chuo kikuu cha huko, hupelekwa kuandika habari za kwao. Atoka Kilifi, avuka bahari, akae miaka minne katika baridi, na mwishowe atoe kitabu juu ya wavuvi wa Kilifi. Kitabu hicho chaweza kuwa kizuri. Lakini yule aliyekaa naye chumba kimoja, mzaliwa wa huko, naye pia anaandika juu ya wavuvi wa Kilifi. Kwa hiyo sisi tumesomwa mara mbili, na Ulaya haikusomwa hata mara moja.

Hasara ya hali hii si ya wasomi peke yao. Tangu uhuru tumeketi na Ulaya mezani mara nyingi. Mwaka 1969 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Ukafuata Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, kisha wa Cotonou wa mwaka 2000, na wa Samoa wa mwaka 2023. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Tanzania ikakataa, na nchi za jumuiya moja zikajikuta hazina kauli moja. Hatimaye Kenya ilitia saini mkataba wake peke yake mwezi Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mtu aweza kuusifu uamuzi huo au kuulaumu. Asichoweza kukana ni kwamba ng'ambo ya meza waliketi watu wenye idara nzima za kuwaandalia habari zetu, na upande wetu kazi hiyo iliwaangukia watumishi wachache wenye shughuli nyingine kumi.

Tuchukue mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia mazao yanayotoka katika ardhi iliyofyekwa misitu. Kahawa imo katika orodha ya mazao hayo. Sheria yataka ijulikane barabara shamba lililotoa kahawa hiyo liko mahali gani. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini haukufutwa. Mkulima wa Mbozi, wa Bugisu na wa Nyeri anaambiwa habari hii na mnunuzi, tena kwa haraka, baada ya kila kitu kuamuliwa. Je, ni nani miongoni mwetu awezaye kumweleza ni kamati gani mjini Brussels ziliijadili sheria hiyo, wabunge gani waliipinga, na ni mwezi gani sauti ya chama chake cha ushirika ingeweza kusikika kabla wino haujakauka? Ujuzi wa namna hiyo hauokotwi njiani. Hupatikana kwa mtu aliyekaa miaka akausoma.

Liko pia suala la Jumuiya yetu wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Tuna umoja wa forodha tangu mwaka 2005, soko la pamoja tangu mwaka 2010, na itifaki ya sarafu moja iliyotiwa saini mwaka 2013. Njia hiyo Ulaya imetutangulia kuipita. Anayetaka kujua sarafu moja yaweza kumfanya nini mwanachama dhaifu, na ayachunguze yaliyoipata Ugiriki tangu mwaka 2010. Anayetaka kujua mwanachama mkubwa hutokaje, na aifuate Uingereza kuanzia kura ya mwaka 2016 hadi ilipotoka tarehe 31 Januari 2020. Ni upumbavu kungoja tuyaonje sisi wenyewe machungu ambayo mwingine amekwisha yaandika.

Sasa twaja kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kijana huambiwa kwamba hakuna wa kumlipia. Maneno hayo si ya kweli. Fedha zipo, na sehemu yake kubwa haiulizi mwombaji ni raia wa nchi gani. Mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya uitwao Horizon Europe ulitengewa kiasi cha yuro bilioni 95.5 kwa miaka ya 2021 hadi 2027, na mpango wa elimu wa Erasmus+ ulitengewa kiasi cha bilioni 26 kwa miaka hiyo hiyo. Si fedha zote hizo ni za masomo tunayoyazungumzia. Sehemu yake kubwa huenda kwenye sayansi na viwanda. Hata hivyo milango iko wazi, na yafaa tuitaje mmoja mmoja kwa mpango.

Mlango wa kwanza ni wa aliyemaliza shahada ya kwanza. Tangu mwaka 2004 uko mpango wa Erasmus Mundus, ambao humwezesha mwanafunzi kusoma shahada ya uzamili katika vyuo vya nchi mbili au zaidi. Katika mpango wa miaka ya 2021 hadi 2027, mwenye kupata ufadhili huo hupewa yuro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Yamo masomo ya siasa, sheria na utamaduni wa Ulaya. Maombi mengi hupokelewa kati ya Oktoba na Januari.

Mlango wa pili ni wa anayetaka shahada ya uzamivu. Hapa yafaa ajue tofauti moja kubwa. Katika mitandao ya uzamivu iitwayo kwa jina la Marie Skłodowska-Curie, mtafiti chipukizi haombi msaada, anaomba kazi. Huajiriwa na chuo, hulipwa mshahara, na raia wa taifa lolote hukubaliwa. Nafasi hizo hutangazwa katika tovuti ya Euraxess. Chuo Kikuu cha Ulaya kilicho karibu na Florence, kilichoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1972 na kufungua milango yake mwaka 1976, kinafundisha wanafunzi wa uzamivu katika historia, sheria, uchumi na elimu ya siasa na jamii. Kinatunza pia nyaraka za kihistoria za Umoja wa Ulaya. Ruzuku zake nyingi za uzamivu hutolewa na nchi zilizoungana kukiendesha, kwa hiyo mwombaji wa kutoka kwetu hana budi kusoma masharti kwa makini ajue ni fungu lipi linalomhusu. Shirika la Ujerumani la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925, lina ofisi Nairobi tangu mwaka 1973, na mtu hahitaji kuvuka bahari ili kuuliza.

Mlango wa tatu ni wa aliyekwisha pata uzamivu. Chuo kile cha Florence kina mpango wa Max Weber tangu mwaka 2006, unaopokea wasomi vijana wa kila taifa. Yako pia malipo ya Marie Skłodowska-Curie ya baada ya uzamivu. Masharti yake makuu ni mawili. La kwanza, uzoefu wa mwombaji katika utafiti baada ya shahada hiyo usizidi miaka 8. La pili, asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia siku ya mwisho ya kupokea maombi. Sharti hili la pili huwaogopesha wengi kwa kutolielewa. Kwa kweli linatufaa sisi. Aliyepata uzamivu wake Makerere, Nairobi au Dar es Salaam hana nchi hata moja ya Ulaya aliyozuiliwa.

Mlango wa nne ni wa Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoundwa mwaka 2007. Ruzuku yake ya waanzao hufika yuro milioni 1.5 kwa miaka 5, nayo humwezesha mtafiti kuunda kikosi chake mwenyewe. Raia wa nchi yoyote aweza kuomba, mradi apate chuo cha kumpokea katika nchi ya Umoja wa Ulaya au nchi iliyojiunga na mpango huo. Mwisho uko mlango wa vyuo vyenyewe. Mpango wa Jean Monnet, uliobuniwa mwaka 1989, hugharimia ufundishaji wa masuala ya umoja wa Ulaya katika vyuo vya dunia nzima. Hauombwi na mtu binafsi. Huombwa na chuo.

Kama milango ni mingi hivyo, kwa nini wanaoingia ni wachache? Sababu ya kwanza ni kwamba wabishaji hodi ni wengi. Maombi ya malipo ya Marie Skłodowska-Curie ya baada ya uzamivu yalikuwa 10,360 mwaka 2024. Mwaka 2025 yakaruka hadi 17,058. Katika umati kama huo, ombi lililoandikwa kwa wiki mbili hutupwa. Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya milango humtaka mwombaji awe na mwenyeji, yaani profesa na chuo kilichokubali kumpokea. Kijana wa Leiden hukutana na mwenyeji wake katika mkutano wa jioni. Kijana wetu yampasa kumwandikia mtu asiyemjua, aeleze wazo lake katika ukurasa mmoja, na angoje. Kazi hiyo ianze miezi sita kabla ya siku ya mwisho.

Sababu ya tatu ni fedha za kutangulia kupata fedha. Ada ya viza ya kuingia nchi za Schengen ilipandishwa hadi yuro 90 mwezi Juni 2024, na aliyenyimwa viza harudishiwi. Mwanafunzi asiye na mfadhili akitaka kwenda Ujerumani, mwaka 2025 alitakiwa kuonyesha yuro 11,904 katika akaunti iliyofungwa kwa ajili ya mwaka mmoja tu. Sababu ya nne ni lugha. Huwezi kusoma siasa za Poland kwa Kiingereza peke yake, kama vile mgeni hawezi kuyajua mambo ya Lamu bila Kiswahili. Vijana wetu wanaojua Kifaransa ni wachache, wanaojua Kijerumani ni wachache zaidi, na wanaojua Kipoland au Kiitalia kwa kiasi cha kusoma nyaraka wanahesabika kwa vidole.

Hatungetenda haki kama tungemshawishi kijana bila kumwonyesha miiba. Katika Ulaya yenyewe maisha ya mtafiti chipukizi si ya raha. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007 kwa kawaida huruhusu mikataba ya muda ya miaka 6 kabla ya uzamivu na miaka 6 baada yake. Asiyepata kazi ya kudumu baada ya hapo huona mlango umefungwa. Mwaka 2021 maelfu ya watafiti wa huko walipaza sauti hadharani juu ya hali hiyo. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza mpango wa kusitisha shahada kadhaa, zikiwamo za Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia. Ikiwa Ulaya yenyewe inapunguza kuzisoma lugha zake, kijana ajue kwamba anaingia katika uwanja usio na viti vya kutosha.

Tena fedha hizi hutembea na siasa. Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya ilitoka pia katika Erasmus, na watafiti wake walikaa miaka kadhaa bila kujua hatima yao hadi nchi hiyo ilipojiunga na Horizon Europe kuanzia Januari 2024. Mwezi Desemba 2025 ikakubaliwa irudi katika Erasmus+ kuanzia mwaka 2027. Uswisi iliwekwa kando mwaka 2021 mazungumzo yake na Umoja yalipovunjika, ikatia saini makubaliano ya kurudi Novemba 2025. Vyuo vya Hungaria vilivyowekwa chini ya bodi za udhamini vilizuiwa kupata ruzuku mpya kwa uamuzi wa Desemba 2022. Na huko Marekani, mwaka 2025 serikali ilikatiza fedha za masomo ya lugha na maeneo ya dunia zilizotokana na sheria ya mwaka 1958. Fedha ambazo kwa miaka mingi zilisomesha Wamarekani lugha za kigeni, Kiswahili kikiwamo. Katika kila kisa hiki, mtafiti aliyeumia hakuwa na kosa. Aliumia kwa sababu kisima alichotegemea kilikuwa kimoja, na ufunguo ulikuwa kwa mwingine.

Wako watakaotuuliza: je, mtu akilipwa na Ulaya kuisoma Ulaya, ataweza kuisema kweli? Swali ni la haki. Fedha za Jean Monnet zina shabaha yake, nayo ni kueneza ujuzi wa umoja wa Ulaya. Anayezichukua na azichukue akijua. Baraza la Utafiti, kwa upande mwingine, humwacha mtafiti achague swali lake, na wanaolipima ni wasomi wenzake. Lakini jibu letu hasa ni kwamba hofu hiyo haitaondoka kwa kukataa fedha za wengine. Itaondoka tutakapoweka zetu kando yake. Viongozi wa Umoja wa Afrika waliazimia mwaka 2006 kwamba kila nchi itumie angalau asilimia moja ya pato lake katika utafiti. Nchi nyingi bado hazijalifikia lengo hilo. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1986, na Kenya iliweka mfuko wa taifa wa utafiti kwa sheria ya mwaka 2013. Vyombo vipo. Kinachotakiwa ni fungu, hata dogo, la kuwalipia watu wachache kila mwaka kujifunza lugha, kulipa viza na kukaa miezi mitatu katika hifadhi ya nyaraka. Kiasi hicho hakizidi gharama ya semina moja ya hotelini.

Wako pia watakaosema kwamba nchi yenye upungufu wa walimu na dawa haina sababu ya kuwasomesha watu siasa za Brussels. Tunawajibu kwamba biashara ya maua, samaki, chai na kahawa, ambayo husaidia kununua dawa hizo, huguswa na kanuni zinazoandikwa huko. Kutozijua kanuni hizo ni gharama tunayoilipa kila mwaka bila kuiona katika bajeti.

Kwa hiyo twatoa ushauri wetu kwa pande tatu. Vyuo vikuu vyetu na viweke, kila kimoja, mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kujua siku za mwisho za maombi, kuwasomea vijana masharti, na kusahihisha maandishi yao kabla hayajatumwa. Vilevile na viombe fedha za Jean Monnet kwa pamoja badala ya kila kimoja kujitafutia. Serikali zetu, zinapotia saini mikataba ya biashara, na ziweke ndani yake kifungu cha kuwasomesha wataalamu wetu. Nao wakirudi wapewe kazi wanayoijua, wala wasitupwe katika ofisi za kugonga mihuri.

Kwa vijana tuna neno fupi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chagueni nchi moja na jambo moja: uvuvi wa Hispania, mahakama ya Luxembourg, vyama vya wakulima wa Ufaransa. Anzeni lugha leo, kwa kitabu cha kuazima kama hapana kingine. Mwandikieni mwenyeji mapema, na mkikataliwa mara ya kwanza, muombe maelezo ya waliolipima ombi lenu, mlirekebishe, mlirudishe. Wako waliopata ambao hawakupata mara ya kwanza.

Mikataba mingine mingi itatiwa saini kati yetu na Ulaya kabla watoto waliozaliwa mwaka huu hawajamaliza shule. Meza itakuwa ile ile. Twataka siku hiyo, upande wetu, awepo mtu anayeweza kuufungua mkataba, akaweka kidole penye kifungu, na akasema: hiki kilikataliwa na wakulima wao wenyewe, na sababu yake ni hii.